Kuipoza nyumba ya bati msimu wa kaskazi: mwongozo kamili kwa Unguja na Pemba

Kila Januari ujumbe ninaoandikiwa kuhusu joto la nyumba ni ule ule, wanaoandika tu ndio wanaobadilika. Mmoja amenunua feni ya pili na bado anaamka godoro limelowa jasho. Mwengine amefunga madirisha mchana kutwa, kama bibi yake wa Shangani, Mji Mkongwe, alivyokuwa akifanya, na chumba kimegeuka tanuri. Wa tatu anamwaga maji sakafuni kila alasiri, kisha analalamika kuwa anajihisi kama mkate wa kumimina ulio jikoni.

Hakuna mvivu hapo. Wote wamehangaika, ila wameanzia mwisho. Joto la nyumba ya bati linashuka kutoka juu, na feni haipozi hewa, inaisukuma tu. Ukisukuma hewa ya moto utapata upepo wa moto. Kwa hiyo mpangilio wa hatua hizi ndio dawa yenyewe: paa kwanza, kisha njia ya upepo na kivuli, feni baadaye, mwili wako mwisho.

Nimeandika kwa ajili ya nyumba ya matofali ya saruji iliyoezekwa bati, maana ndiyo nyumba ya wengi wetu, kuanzia Fuoni ya Unguja hadi Konde ya Pemba. Mnaokaa Mji Mkongwe kwenye nyumba za mawe na chokaa, rukeni hadi hatua ya 4.

## Ufanye lini

Kazi ya paa imalizike kabla ya katikati ya Februari. Sababu ni jua lenyewe. Novemba hadi Februari jua la mchana linakuwa limeegemea kusini kidogo. Halafu linarudi, na karibu na tarehe 5 Machi linapita juu kabisa ya Unguja, Pemba siku mbili tatu baadaye. Simama uani siku hizo kwenye saa sita na nusu, adhana ya adhuhuri ikikaribia, utaona kivuli chako kimekusanyika miguuni. Wakati huo kuta hazipigwi na jua. Paa ndilo linalobeba mzigo wote.

Wakati huo huo upepo wa kaskazi unaanza kufa, masika bado hayajaingia, hewa imesimama kimya. Na miaka hii Ramadhani nayo imeangukia humo humo: 2025 ilichukua karibu Machi nzima, 2026 na 2027 ni Februari kwenda Machi. Anayesubiri mpaka watoto waanze kulala barazani ndipo amtafute fundi, ameshachelewa.

## Vifaa

Hesabu hii ni ya chumba kimoja cha mita 3 kwa 3.5. Ukiwa na vyumba vinne, zidisha.

- Rangi nyeupe ya maji, ya nje, inayoshika bati: kopo moja la lita 4. Paa la chumba hiki, ukihesabu mteremko na mikunjo ya bati, ni kama mita za mraba 15. Likipakwa mara mbili ni 30, na lita moja hupaka kama mita 8.
- Rangi ya msingi ya kuzuia kutu, ile nyekundu kama udongo: lita 1, kama bati limeshaanza kutu.
- Brashi ya waya, brashi ya inchi nne au rola, sabuni ya unga, ndoo mbili.
- Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya kutosha. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai, nitasema kwa nini.
- Ngazi imara na mtu wa kuishika.
- Majamvi mawili au matatu, kamba ya usumba, wavu wa mbu.
- Chetezo na ubani kidogo.
- Ubao wa upana wa sentimita 40, urefu wa dirisha na ziada kidogo.
- Feni moja. Moja tu.
- Mkeka wa ukindu, kanga mbili, mtungi.
- Mshumaa mrefu mmoja.

Kama fedha haitoshi vyote, nunua rangi nyeupe kwanza, vingine vitafuata. Watu hufanya kinyume, hununua feni kwa sababu feni inaonekana inafanya kazi.

Mshumaa ni kipimo. Kabla hujagusa kitu, usimamishe juu ya kabati chumbani, karibu na bati, uuache kuanzia asubuhi hadi alasiri. Wa kwangu ulikuwa ukiinama taratibu kama mtu anayerukuu, mpaka ncha ikagusa mbao. Kumbuka ulivyoinama. Utaurudia baada ya kila kazi kubwa, kwa sababu mwili huzoea na humdanganya mwenye nyumba aliyekwishatoa fedha.

## Hatua ya 1: Jua linakupiga wapi

Simama katikati ya chumba kama unayeanza kusali. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka Zanzibar, kwa hiyo ukielekea kibla umeshapata dira bila ya kuinunua.

Mbele yako ni kaskazini. Upepo wa kaskazi unakuja kutoka mbele, upande wa mkono wa kulia. Mgongoni ni kusini, ndiko jua la mchana la Disemba na Januari linakotokea. Mkono wa kushoto ni magharibi: ukuta huo hupigwa na jua kuanzia saa nane mpaka magharibi, na ndio utakaokukosesha usingizi saa nne usiku.

Chora mraba kwenye karatasi, weka alama kila dirisha na mlango, andika upande wake. Dakika tano tu. Kazi hii imekwisha vizuri kama unaweza kujibu bila kuangalia: dirisha gani linapokea kaskazi, na ukuta gani unaunguzwa jioni.

## Hatua ya 2: Bati liwe jeupe

Hii ndiyo hatua kubwa, na ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Bati kuukuu lenye kutu hulimeza jua. Linapopata moto huwa kama pasi iliyoning'inizwa juu ya vichwa vyenu: hata hewa ikiwa ya kawaida, utosi unauhisi moto. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua huko huko juu kabla halijageuka joto. Joto ambalo halikuingia halihitaji feni ya kulitoa.

Osha. Sisi tunaishi baharini. Upepo huleta chumvi, chumvi hukaa juu ya bati, na rangi ikipakwa juu ya chumvi haishiki. Sugua kwa sabuni ya unga, suuza kwa maji baridi mara mbili. Likikauka, lowesha kidole, kipitishe juu ya bati, kilambe. Ukisikia chumvi, osha tena. Ndiyo maana maji ya kisima chenye chumvi hayafai: utakuwa unaipaka chumvi upya.

Ondoa kutu. Palipo na kutu pasugue kwa brashi ya waya mpaka vumbi jekundu liishe, kisha paka rangi ya msingi, uiache ikauke usiku mmoja. Palipotoboka pazibwe sasa. Rangi haizibi tundu.

Paka asubuhi. Kuanzia saa moja hadi saa nne, basi. Hapa nina kovu langu mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilipanda saa saba mchana kwa sababu ndiyo nafasi niliyoipata. Rangi ilikauka kwenye brashi kabla haijafika kwenye bati, na iliyofika ikafanya malengelenge, kama utando wa juu ya uji. Kwa macho ilikuwa nyeupe na nikajisifu. Masika yalipoingia ilibanduka vipande vipande, nikawa naokota maganda meupe kwenye mlizamu kama mtu anayekusanya chaza.

Rudia. Mpako wa pili siku ya pili, asubuhi tena. Mpako mmoja hubaki na mistari ya bati inayoonekana, na kila mstari ni mlango wa joto.

Tahadhari tatu. Kwanza, kanyaga kwenye mstari wa misumari tu, kwa sababu chini yake ndiko kuna mbao. Katikati ya misumari hakuna kitu isipokuwa bati na sakafu ya chumbani kwako. Pili, usipande na kandambili, wala bati likiwa na umande. Tatu, kama unakinga maji ya mvua ya kunywa, muulize muuza rangi kama inafaa paa la kukinga maji, na soma hatua ya mwisho.

Wengi huniuliza chokaa, kwa kuwa ni rahisi. Chokaa ni ya ukuta. Juu ya bati huondoka na mvua kubwa ya kwanza, na inapokaa huila ile ngozi ya zinki inayolilinda bati. Wanaochanganya chokaa na chumvi ili ishike, hao wanajinunulia kutu.

Dalili ya kufanikiwa: saa nane mchana, weka ngazi, gusa bati kwa kiganja. Bati la zamani hungeliweza. Jeupe utaweza kuuacha mkono juu yake. Na mshumaa wako, hata kama huna dari, utainama kidogo tu au usiiname kabisa.

## Hatua ya 3: Dari ya majamvi, na tundu la kutolea hewa

Anayeweza dari ya mbao au ya bodi, aweke. Mwongozo huu ni kwa asiyeweza leo.

Tandaza majamvi chini ya kenchi, yafunge kwa kamba ya usumba kila pembe na katikati, yasilale juu ya kichwa cha mtu. Acha nafasi ya angalau shubiri moja kati ya jamvi na bati. Nafasi hiyo ndiyo inayofanya kazi: bati linatupa joto chini, jamvi linalipokea badala yako, hewa ya katikati inapata moto na inataka kutoka.

Sasa ipe hewa hiyo njia ya kutokea. Kwenye ile pembetatu ya ukuta chini ya paa, kila upande, fungua matundu au weka matofali yenye matundu, uyafunike kwa wavu wa mbu. Bila matundu hayo umetengeneza chungu chenye kifuniko. Nyumba nyingi nilizoingia zina dari nzuri ya kupendeza na joto lile lile, kwa sababu fundi aliziba pembetatu zote mbili ili popo wasiingie. Wavu unazuia popo pia.

Usitumie nailoni wala turubai. Zinashika unyevu na hunuka.

Na moto! Jamvi kavu ni kuni. Lisiguse nyaya za umeme, lisipite juu ya jiko, na chetezo cha udi kisiwekwe tena juu ya kabati kama mlivyozoea. Kama nyaya zako zimeungwaungwa kwa plasta, acha hatua hii mpaka fundi umeme azitengeneze.

## Hatua ya 4: Madirisha, na kosa la bibi wa Shangani

Bibi hakukosea. Nyumba yake ina kuta za mawe na chokaa za unene wa nusu mita na zaidi, dari iko juu sana, na uchochoro wa nje ni mwembamba kiasi kwamba jua halifiki chini ila saa chache. Ukuta kama huo hupokea joto polepole mno. Akifunga madirisha saa tatu asubuhi anafungia ndani ubaridi wa usiku, na akifungua baada ya alasiri anaingiza mwengine. Mnaokaa nyumba hizo, fuateni ratiba hiyo na msihangaike na mengine.

Nyumba yako ya matofali ya inchi sita haina ubaridi wa kufungia. Kufika saa tano bati limeshaipasha moto, ndani pana joto kuliko nje, na wewe unafunga mlango ili joto lisitoke.

Kanuni ni hii, na inashinda saa yoyote: saa nane mchana toka nje, simama chini ya kivuli cha mti. Kama kivulini pamepoa kuliko chumbani, fungua kila kitu. Kama chumbani pamepoa kuliko kivulini, funga. Baada ya hatua ya 2 na ya 3 huenda jibu likabadilika, kwa hiyo rudia kipimo.

Unapofungua, fungua pande mbili. Dirisha moja ni mfuko, upepo hauingii mahali usipoweza kutoka. Fungua la upande wa kaskazi na la upande wa pili, au mlango wa ukumbini. Pakiwa na matundu ya juu, bora zaidi, maana hewa ya moto hupanda.

Sasa vizuizi, maana hapa ndipo ninapogombana na watu. La kwanza ni mapazia ya harusi: kitambaa kizito, tabaka mbili, yameburura mpaka chini. Ni mazuri. Yaondoe hadi masika. La pili ni kabati lililosimamishwa mbele ya dirisha kwa miaka kumi. La tatu ni dirisha la aluminiamu la kusukuma, ambalo hata ulifanyeje linafunguka nusu tu. Kama bado unajenga, weka la kufunguka lote. La nne ni wavu wa mbu uliojaa vumbi na chumvi. Uguse kwa kidole, kikitoka cheusi basi upepo nao haupiti. Uoshe kwa brashi laini kila baada ya wiki mbili.

Kuna suala la sitara, na silidharau. Wengi hufunga madirisha kwa sababu njia inapita karibu, si kwa sababu ya joto. Funga kanga au pazia jepesi nusu ya chini ya dirisha, juu pabaki wazi. Anayepita haoni, upepo unapita.

Dalili ya kufanikiwa: washa ubani, weka chetezo kwenye dirisha la upande wa upepo. Moshi uvuke chumba na utokee upande wa pili. Ukipanda tu na kujikusanya juu, kuna kizuizi hukukiona, kitafute.

Maji ya sakafuni? Hewa yetu tayari ina unyevu mwingi, kwa hiyo ukimwaga maji chumba kikiwa kimefungwa, jasho lako halitakauka, na jasho lisilokauka halipozi. Mwaga barazani na uani baada ya alasiri, mbele ya dirisha linaloingiza upepo. Ndani, pangusa tu kwa kitambaa, madirisha yote wazi.

## Hatua ya 5: Kivuli cha kusini na cha magharibi

Pande hizi mbili hazitibiwi kwa dawa moja.

Kusini, jua la Disemba na Januari liko juu, limeegemea kidogo tu. Ubao wa sentimita 40 uliotokeza juu ya dirisha la kimo cha mita 1.2 unalifunika lote wakati wa adhuhuri. Piga, umemaliza.

Magharibi ubao huo ni mapambo. Jua la saa kumi linakuja kwa chini, linakuangalia machoni. Hapo unataka kitu kilichosimama: ukili uliosukwa, makuti yaliyofungwa kwenye fremu, au mmea. Mpesheni ukipandishwa kwenye kamba hatua moja mbele ya ukuta hufunika haraka na watoto wanapata juisi. Mkungu ni mti wa miaka, lakini baraza iliyo chini ya mkungu haihitaji maelezo kwa mtu wa visiwani.

Acha nafasi ya mkono mmoja kati ya kivuli na ukuta ili hewa ipite. Na ukuta wenyewe upake chokaa nyeupe. Hapa ndipo pake.

Dalili: baada ya isha weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi, kwa ndani. Ukiwa bado na joto la mkate uliotoka tanuri, kivuli hakijatosha.

## Hatua ya 6: Feni, sasa

Pangaboi chini ya bati lisilo na dari huivuta ile hewa ya moto ya juu na kukumwagia wewe. Ndiyo sababu ya "nimenunua ya pili." Kama huna dari bado, tumia feni ya kusimama, iweke chini.

Baada ya magharibi, nje pakishapoa, isogeze karibu na dirisha la upande wa kaskazi, mgongo wake ukiwa nje, ivute hewa ya nje ndani. Mlango wa upande wa pili uwe wazi. Wakati wa kulala ielekeze mwilini.

Hesabu ya tukuza, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla: feni ya wati 60 ikizunguka saa 10 inakula uniti 0.6. Kiyoyozi kidogo cha wati 900, kikizunguka muda huo bila kupumzika, ni uniti 9. Mwenye kiyoyozi asiyepaka bati anamlipia jua kodi.

Na uwe na upepeo wa ukindu ndani. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokosekana karibu miezi mitatu, katikati ya kaskazi, hawahitaji kukumbushwa.

## Hatua ya 7: Kitanda

Godoro la sponji hushika joto la mwili na kukurudishia. Tandika mkeka wa ukindu juu yake, kisha kanga moja ya pamba. Kitanda cha kamba ni bora kuliko vyote kwa sababu upepo unapita chini. Kama kipo kwa bibi shamba kinafugiwa kuku, kifuate.

Lowesha kanga ya pili, ikamue, jifunike kifuani feni ikikuelekea. Ikikauka ndani ya nusu saa, hewa inakausha na utalala. Ikibaki na unyevu, upepo haufiki.

Chandarua kisitolewe. Kinapunguza upepo, kweli, lakini dawa yake ni kuisogeza feni karibu na chandarua, na kutumia kipana kisichokugusa. Mbu wa msimu huu si wa kufanyiwa mzaha.

## Hatua ya 8: Maji, na wewe uliyefunga

Mtungi wa udongo uwekwe kivulini, penye upepo, juu ya mchanga mbichi. Maji huvuja kidogo kidogo kwenye udongo, yakikauka nje yanapoza yaliyo ndani. Watu huuweka kwenye pembe ya jikoni isiyo na hewa kisha husema mitungi ya siku hizi haipozi.

Dafu ni zuri, ila halina chumvi ya kutosha kwa aliyetoka jasho kutwa. Fundi, mchukuzi au mkulima wa mwani anahitaji na chumvi pia. Ukikosa paketi ya dukani: maji lita 1 yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visawazishwe. Nusu kijiko ni nusu kijiko. Chumvi ikizidi inadhuru. Mwenye maradhi ya figo, moyo au presha amuulize daktari wake kwanza, hata kwa dafu.

Kwa aliyefunga, kosa ni kunywa lita mbili wakati wa daku. Figo zitayatoa kabla ya saa tatu asubuhi. Gawanya: gilasi mbili kwa futari, moja baada ya magharibi, mbili ukirudi tarawehe, moja kabla ya kulala, mbili daku. Punguza papa wa chumvi na achari kwenye daku. Kazi nzito ihamishe asubuhi au baada ya alasiri. Kipimo chako ni mkojo: ukiwa wa rangi ya chai kavu, umepungukiwa.

Hatari ya kweli. Mtu aliyekuwa juani au chumba cha moto akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akapepesuka, akaanguka au akapata degedege, na mwili unaunguza, huyo si wa kupumzishwa tu. Joto lake huenda limefika nyuzi 40. Mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kusita, huku mwengine anatafuta gari la kumpeleka hospitali. Usimpe cha kunywa kama hajitambui. Panadoli haishushi joto la aina hii. Wazee na watoto wachanga hufika hapo haraka, na mara nyingi ndani ya nyumba, mchana, wengine wakiwa kazini. Wapitie saa nane.

## Hatua ya 9: Mvua ya kwanza

Masika yakipiga kwenye bati lililopakwa rangi karibuni, usikinge. Maji ya mwanzo hubeba vumbi la msimu mzima, kinyesi cha kunguru na mabaki ya rangi. Uondoe mdomo wa mlizamu kwenye tangi, acha mvua kubwa mbili au tatu ziteremke uani. Halafu kinga kwenye ndoo nyeupe, uangalie: maji yakiwa hayana rangi, hayana povu wala harufu, rudisha mlizamu mahali pake, na ya kunywa yachemshe kama kawaida.

Siku hiyo hiyo ingia chumbani, tazama juu. Penye tone, weka alama ya kalamu kwenye jamvi. Jua likitoka utapanda asubuhi, saa moja, na brashi.